Hewa ya Saa Nane

Kwa mambo ya hewa, Kasyoka hakuwa na mchezo. Tangu ashuke kutoka Kathiani kuja Mlolongo kumsaidia mkaza mwana wake, Wavinya, kulea watoto, aliutangazia vita moshi wa malori. Asubuhi, malori yakipanga foleni kwenye mizani na kuunguruma, alifunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Mchana, moshi ukishatawanyika na mbingu ikibaki buluu tupu, alimpandisha mjukuu wake Mutheu hadi juu ya paa la flati, penye kamba za nguo, akamketisha kwenye kiti cha plastiki.

"Vuta, mama," alimwambia. "Hii ndiyo hewa."

Mutheu alikuwa na pumu, na alikuwa mtoto wa kusikia. Alivuta. Mwezi wa Februari, jua la Mlolongo lilipokuwa halina huruma, kifua kilimbana huko huko juu, na inhela haikufua dafu. Walimzika Kathiani, kando ya shamba la maharagwe la bibi yake. Alikuwa na miaka sita.

Kila mtu aliulaumu moshi wa asubuhi. Wavinya aliulaumu. Mumewe Muindi, ambaye kazi yake ilikuwa kupulizia malori rangi katika gereji iliyo nyuma ya flati, aliulaumu pia. Moshi unaonekana, na uchungu hutafuta kitu cha kukitolea macho.

Kisha kifua cha mtoto mdogo, Laban, kikaanza kulia filimbi. Wavinya alimpeleka kliniki asubuhi, akamweleza daktari jinsi wanavyomkinga: asubuhi ndani, mchana juu ya paa apate hewa safi. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mchana saa ngapi?"

"Saa nane hivi. Jua likiwaka, moshi umeisha."

Daktari alimweleza polepole. Moshi wa malori una ubaya wake, na mvuke wa petroli na thina ya rangi una wake. Lakini jua kali likivipiga pamoja hewani, hupika gesi nyingine, ozoni, isiyo na rangi. Huko juu kabisa angani inatukinga na jua. Huku chini inachoma vifua. Asubuhi huwa kidogo. Mchana, mbingu ikiwa safi, ndipo inapopanda.

"Kwa hivyo Mutheu..." Wavinya alishindwa kumaliza.

"Siwezi kusema ndiyo iliyomuua, mama. Pumu ina mambo mengi. Lakini huyu, mchana wa jua kali, msimpandishe."

Alirudi nyumbani na hasira aliyoionea aibu. Alitaka kumwambia mama mkwe wake, amwambie vikali, amuumize. Alipofika sokoni hasira ilikuwa imeisha, ikabaki huruma, na huruma ilikuwa mbaya zaidi. Mwanamke yule alimpenda Mutheu kuliko macho yake mwenyewe. Je, akinyamaza? Amfiche tu, aseme daktari amekataza jua? Nyumbani alimwachia Kasyoka mtoto, akaingia jikoni kuweka chai, akijiambia kwamba atanyamaza.

Alipotoka hawakuwapo. Aliwakuta kwenye ngazi. Kasyoka alikuwa amemfunga mtoto mgongoni kwa leso, ameshika ukuta, anapanda akihema.

"Mwaitu, mama, rudi chini."

"Kwani nini? Jua imetoka, moshi imeisha. Huyu naye lazima apate hewa. Kesho na kesho kutwa pia, mpaka kifua ifunguke."

Kesho na kesho kutwa. Wavinya aliona hapo kwamba kimya chake kisingedumu wiki. Alimkalisha kwenye ngazi, akakaa chini yake, akamwambia yote, bila kumtazama usoni. Malori, thina, jua. Saa nane.

Kule juu nguo za majirani zilikuwa zikipigwa na upepo.

"Siku ile aliniambia mimi bibi yake, 'Susu, twende chini,'" alisema Kasyoka. "Nikamwambia akae kidogo tu, amalize hewa yake."

Alifungua leso, akamtoa mtoto, akamnyooshea Wavinya.

"Mshike wewe. Kesho narudi Kathiani. Mimi usiniachie mtoto tena."

Wavinya alimpokea Laban. Alilia kidogo, waziwazi, kwa ajili ya Mutheu. Kisha akasimama, akazunguka nyuma ya mama mkwe wake, akamrudisha mtoto pale pale mgongoni na kukaza leso kwa mikono yake mwenyewe.

"Twende ndani, mwaitu. Tufunge madirisha."

Walishuka. Kasyoka aliangua kilio kabla hawajafika mlangoni, mgongo wote ukitikisika, na Laban, akidhani anabembelezwa, akalala.