Mkataba wa Kapteni Dorval

Kilichomtia Chepkoech wasiwasi kwanza ni kwamba yule kapteni hakuuliza kama mdogo wake, Jebet, anajua kuogelea.

Alikuja uwanjani Chepkoilel, Jebet alipofanyia mazoezi, asubuhi tatu mfululizo, sare nyeupe imepigwa pasi, saa ya kupimia mbio mkononi. Alijitambulisha kuwa Kapteni Dorval wa jeshi la wanamaji la Merandi, nchi ya visiwa ambayo Chepkoech hakuwahi kuisikia. Kiswahili chake, alisema, alikipata Mombasa akiwa kijana. Siku ya nne akafika nyumbani kwao mtaani Pioneer na mkataba: Jebet aandikishwe mwanamaji, apewe uraia, akimbie mita elfu tano katika michezo ya majeshi.

“Jeshi la majini linataka mkimbiaji wa nini?” Chepkoech aliuliza huku akimmiminia chai.

“Nchi yetu bado changa, dada. Meli tunazo nne. Medali hatuna hata moja.”

Jebet alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na tayari alishauliza rangi ya sare za wanawake. Dadake hakucheka. Yeye pia aliwahi kukimbia, akamwamini wakala fulani, akarudi kutoka Ulaya na goti bovu na begi moja.

Aliusoma mkataba mara mbili. Miaka kumi na miwili. Pasipoti itatunzwa na jeshi.

“Inatunzwa kwa nini?”

“Isipotee. Baharini vitu hupotea.”

“Kwani huyu ataenda baharini?”

Kapteni alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. “Hapana. Yeye ni wa kukimbia tu.”

“Kuna msichana mwingine wa huku mmemchukua?”

“Yuko. Jepchumba, wa Moiben. Mpigie mwenyewe.” Lakini kabla ya kutoa namba aliandika ujumbe, akangoja ujibiwe, ndipo akasema sasa anaweza kupiga.

Chepkoech alitoka nje na simu, akasimama penye kamba ya nguo.

“Niko sawa kabisa, dada,” Jepchumba alisema haraka haraka, kama anayesoma. “Chakula ni kizuri. Wakubwa wetu ni wazuri.”

Chepkoech akageukia Kinandi, akamuuliza ni wa nyumba ya nani kule Moiben.

“Ndiyo, dada,” Jepchumba akajibu kwa Kiswahili. “Hata hali ya hewa ni nzuri.”

Chepkoech akashusha sauti, bado kwa Kinandi: “Kama kuna mtu anakusikiliza, niulize kama tumepanda mahindi.”

Mahali fulani chuma kiligongwa, na mwanamume akakohoa karibu sana na simu.

“Na huko,” Jepchumba alisema, sauti imekonda, “mmeshapanda mahindi?”

“Tumepanda. Nitawatafuta watu wenu.”

Alirudi ndani, akaukunja mkataba na kumrudishia mgeni. “Huyu haendi.”

Kapteni hakubishana. Alishukuru kwa chai, akatoka, akasimamisha boda boda. Kule kutobishana ndiko kulikomtisha Chepkoech zaidi.

“Ni goti lako linaongea!” Jebet alimfokea huku akilia. “Umeniharibia kwa sababu wewe uliharibiwa!” Wiki nzima hakumsemesha, na mazoezi akawa anafanya peke yake.

Chepkoech alienda Moiben akamtafuta babake Jepchumba, Mzee Kipkirui, wakapanda basi pamoja hadi Nairobi, wizara ya mambo ya nje. Waliambiwa warudi, wakarudi. Ilichukua miezi minne kabla msichana hajashuka kwenye ndege, na karatasi ya kusafiria ya ubalozi badala ya pasipoti.

Alipopata nguvu alikuja Pioneer kushukuru. Aliwasimulia kwamba aliumia msuli msimu wa kwanza, na tangu hapo hakuuona uwanja tena. Alipewa brashi ya waya akawa anakwangua kutu kwenye manowari iliyofungwa bandarini.

“Meli zote nne zimefungwa,” alisema. “Tangu nifike hakuna iliyotoka.”

“Na Kapteni Dorval?” Jebet aliuliza.

“Yeye ndiye aliyekuwa anatusimamia. Akileta mkimbiaji, familia yake mwenyewe inaachiwa nyumba kambini. Asipoleta, wanatolewa.”

Jebet alimshika Jepchumba mikono, akageuza viganja juu, akaviangalia kwa muda mrefu. Kisha akaenda jikoni, na sauti yake ikasikika kutoka huko: “Chepkoech, kuja unisaidie kusonga ugali. Tuko wengi leo.”