Msichana wa Buluu

Basi Mzee Nguma alikuwa amekaa uani kwake Mikindani, Jumapili alasiri, shati la kanisani bado mwilini, simu kaiegemeza kwenye birika la chai isianguke, na moyo umemkaa vibaya. Mjukuu wake Dhahabu anaposwa. Tena anaposwa kwa simu! Na watu wa Ayalandi, huko mbali kuliko mbali.

"Mke wako anaibwa mchana kweupe," nduguye Charo akamchokoza. Si unajua babu na mjukuu ni watani. Tangu Dhahabu anatambaa Nguma alimwita mke wangu.

"Nyamaza wewe. Sijasema ndiyo bado."

Na kweli alikuwa hajasema. Kwao posa ina mwendo wake. Mposaji hataji jina. Husema, tumeona ua hapa kwenu. Nanyi mnajifanya hamjui: maua ni mengi, lipi? Hapo sasa amweleze msichana kwa maneno. Akimweleza sivyo, anywe chai arudi kwao. Nguma aliishika mila hiyo kwelikweli, maana miaka thelathini alisukuma mkokoteni Kongowea, na pale sokoni mtu haitwi jina. "Peleka viazi kwa yule mama, mfupi, mnene, wa leso nyekundu." Ukielezwa vibaya, viazi vimepotea. Na huyu si gunia la viazi.

Kwenye simu alionekana kizee amekaa kitini, shuka magotini, na Dhahabu kando yake. Bibi Nora huyo. Ndiye ambaye Dhahabu aliajiriwa kumtunza, miaka miwili anamwogesha na kumlisha, mpaka akaijua lugha yake ya Kiairishi, na mjukuu wa bibi, Kolumu, akampenda. Kwa hiyo mtafsiri wa posa ni mwenyewe anayeposwa, ambaye kwa haki yake angekuwa kajificha ndani.

"Dunia imepinduka," Kafedha, mkewe Nguma, akanong'ona.

"Muulize," Nguma akasema. "Wasichana hapa ni wengi. Amemwona yupi?"

Bibi Nora akasema lake. Dhahabu akasita.

"Anasema... msichana, mrefu, mzuri, wa buluu."

Nguma alikuwa ameanza kuridhika: mtu kwanza, kimo, uzuri, rangi mwisho, kama hamali anavyoelekezwa. Lakini buluu?

"Buluu!" Charo akaangua kicheko. "Kama ndoo ya maji!"

Nguma akasimama. "Zima simu. Mtoto wangu si ndoo. Kama ni mweusi aseme mweusi, sisi hatuuonei haya weusi wetu."

"Babu, ngoja! Kwao ukisema mtu mweusi, watu wanaelewa Ibilisi. Ndiyo maana sisi hutuita wa buluu. Si tusi, babu. Na wewe je, Kolumu umemwita nani tangu asubuhi?"

"Yule mwekundu!" Kafedha akadakia.

"Kwani si mwekundu?" Nguma akajitetea.

"Hata bibi yake humwita mwekundu," Dhahabu akasema. "Kwa nywele zake."

Nguma akakaa. Mwili ulikaa, moyo ukabaki wima. Warefu wazuri wamejaa kutoka hapa hadi Jomvu Kuu. "Mwambie hao ninao kumi. Yupi?"

Kizee akafumba macho. Akasema polepole, Dhahabu akifuata nyuma. "Msichana anayepuliza chai hata ikiwa baridi." Kafedha akacheka. "Anayeimba akifua, akiona mtu ananyamaza." Kisha bibi akasema jambo refu.

"Kasema nini?"

"Si kitu, babu."

"Tafsiri! Mzigo haupunguzwi njiani."

Dhahabu akatazama pembeni. "Kwao hawasemi mtu ana huzuni. Husema huzuni iko juu yake. Anasema... jioni kuna upweke juu ya msichana huyo. Husimama dirishani, akidhani hakuna anayemwona. Na bibi miguu haina nguvu ya kumfuata. Basi huangusha kijiko makusudi, ili ageuke."

Nguma akaziangalia nyayo zake. Kila Jumapili alimuuliza mtoto hali, naye hujibu, mzima babu, niko sawa. Akaamini. Yeye, hamali mzima, hakuwahi kuuliza ni mzigo gani uko mabegani mwake.

"Mke wangu."

"Abee, babu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia nirudi."

Kweli, angemwambia.

Nguma akaisogelea simu hadi ikajaa pua lake, akamwambia kizee kwa Kiswahili chake hichohicho, "Huyo tunaye, mama. Ndiye huyo. Umemwona."

Dhahabu hakutafsiri. Alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanatetemeka. Bibi Nora akamtazama, akamtazama na Nguma, kisha akanyoosha mkono mezani, taratibu, akaangusha kijiko.