Ukifika Dukani, Pinda Kushoto

Saa nane na nusu mchana, siku ya Jumanne, Velayudhan alisimama kwenye kituo cha basi cha Puthenkara, msuli ameukunja hadi magotini, akamuuliza muuza magazeti mkutano wa watu wanaoacha pombe unafanyika wapi. Alikuwa hajaonja tone tangu jana asubuhi, na mikono ilimtetemeka hata shati lake alifungiwa vifungo na mkewe, Thankamani.

Kilichomtoa nyumbani ni mjukuu. Baada ya siku arobaini mtoto angetimiza miezi sita na kuonjeshwa wali wake wa kwanza hekaluni, na kazi hiyo ni ya babu. Lakini binti yake, Smitha, alishamwambia wazi: "Baba, nakupenda. Ila mkono unaotetemeka hautamlisha mwanangu. Ukishindwa, babake Biju ndiye atakayemlisha." Biju ndiye mumewe. Maneno hayo yalimchoma Velayudhan kuliko tusi lolote.

"Mkutano?" muuza magazeti alikuna kidevu. "Unalijua duka la pombe la serikali?"

"Nani asiyelijua?"

"Basi ukifika dukani, pinda kushoto."

Velayudhan hakutaka kupita dukani. Akamuuliza fundi cherehani, naye akaanzia dukani. Mama muuza samaki pia akaanzia dukani, akaongeza, "Na ukifika hapo, kaka, usijifanye umesahau kilichokupeleka!" Mji ule haukujua kumwelekeza mtu popote, iwe shuleni au hospitalini, bila kuanzia dukani. Duka lilikuwa na ubao mwekundu unaoonekana toka ng'ambo ya mfereji. Mkutano haukuwa na ubao. Mwenye jengo alikataa, akisema utawaaibisha wapangaji.

Akaenda. Foleni ilikuwa ndefu na yenye adabu, kama kawaida. Watu wanaokanyagana kugombea basi husimama pale kimya, kila mmoja na kifuko chake kwapani. Velayudhan alipomfikia mtu wa mwisho, kivuli chake kikasita, kikaachana na visigino vyake, kikajipanga. Akakisubiri kidogo. Kikasogea hatua moja mbele.

"Unakingoja au unakwenda?" aliuliza mlinzi. "Usinizibie njia."

"Na kikifika dirishani?"

"Kitahudumiwa. Huwa vinahudumiwa."

Alitamani kukifuata, hilo tusifichane. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Akavishika vifungo vya shati lake, alivyofungiwa na Thankamani. Akapinda kushoto.

Mkutano ulikuwa nyuma ya ghala la makumbi ya nazi, juu ya ngazi ya nje, kwenye mlango usioandikwa kitu. Walikuwa watu tisa chini ya taa moja, na vivuli vilivyokuwepo sakafuni vilikuwa vya viti tu. Pappachan, kondakta mstaafu aliyeongoza kikao, alimpa chai ya rangi kwenye bilauri iliyojazwa nusu, maana wageni wote humwaga.

"Kimebaki?" akauliza.

"Kimebaki."

"Changu kina mwaka wa kumi na moja pale. Wale wauzaji wanakijua kuliko wanavyonijua mimi! Kaa, kaka. Tuambie jina tu, mengine yatakuja yenyewe."

Velayudhan akataja jina lake, kisha akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Akawa anakwenda kila Jumanne na kila Ijumaa. Kivuli nacho kilikwenda zake dukani, kikirudi jioni kinapepesuka na kujilaza barazani, ambapo Thankamani alikiruka akipita na ndoo. Wiki ya tano Velayudhan aliweza tena kufuma mazulia ya usumba, kazi yake ya tangu ujana. Wiki hiyohiyo ubao mwekundu uliongezewa taa, na foleni ikajengewa paa ili vivuli visinyeshewe.

Siku ya wali jua lilikuwa kali. Velayudhan aliketi uani hekaluni, mtoto mapajani, mbele yao jani la mgomba lenye wali, ndizi na sukari guru. Kivuli chake kikaja kimechelewa, kinanuka brandi, kikajikalisha kwa taabu. Akachota wali kwa vidole vitatu. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Kivuli cha mkono, shavuni pa mtoto, kilikuwa kinatetemeka.

Smitha akavitazama vyote viwili. Watu wakangoja.

"Mlishe, baba," akasema. "Mimi nilisema mkono."

Mtoto akaonja, akakunja uso, kisha akafungua mdomo tena. Velayudhan alifurahi mpaka akaona haya.

Baadaye, wakati watu wakitafuta viatu vyao mlangoni, Biju alikuja kusimama karibu naye. Vivuli vya wageni vilijaa mchangani. Miguuni pa Biju palikuwa peupe.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, akihangaika na kifungo cha shati lililomshinda kufunga, "nimejaribu kuacha peke yangu tangu juzi. Ule mkutano wenu uko wapi?"

Velayudhan akatafuta njia nyingine. Aliitafuta kwa dhati, mtaa baada ya mtaa, uchochoro baada ya uchochoro, mpaka mji ukamwishia kichwani. Kisha akanyoosha mkono, akamfungia mkwewe kile kifungo.

"Unalijua duka?" akamuuliza.