Gari la Masista

“Mama Rahel, siku uliyokwenda kuitazama hii pikapu, injini uliikuta ya moto au ya baridi?”

Aliyeniuliza ni mzee Mwinshehe, jirani yangu hapa Kilakala, aliyeendesha malori ya mkonge mpaka macho yakamchoka. Pikapu ilikuwa uani kwangu, imevutwa kwa kamba kutoka njiani. Ilizimika kwenye mlima wa kwanza, kabla haijakiona kijiji cha Kinole.

“Ya moto,” nikamjibu. “Muuzaji aliniambia ndiyo kwanza ametoka kuiosha.”

“Waliiamsha mapema. Ingekuwa baridi ungeisikia inavyokohoa. Na humu wamemimina oili nzito kama uji, isigonge. Kwani fundi wako hakuona?”

Nikaanza kuikunja ile kamba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yamejaa mjini. Mdogo wangu Filomena wa Kinole alikuwa ameuza iliki yake ya misimu miwili, nami nikaongeza mafao ya marehemu mume wangu. Tulitaka kushusha ndizi zetu wenyewe, maana wenye malori walituachia zinaoza. Filomena alinikabidhi fungu lake kutoka kwenye pindo la khanga yake. “Dada, wewe una macho,” akasema. “Ila usilipe kabla fundi hajaingia chini ya gari.”

Nikamwahidi.

Muuzaji aliiona rozari shingoni mwangu nikiwa bado kwenye geti la uwanja wa magari. “Tumsifu Yesu Kristo, mama!”

“Milele amina.”

Akasema anaitwa Oscar, na gari lilikuwa la masista, kazi yake kwenda misa na kurudi. Kweli, kwenye kioo ilining’inia rozari. Akanizungusha mpaka Mazimbu, kote tambarare, likateleza vizuri. Nikamwambia kesho nitakuja na fundi. Akainamisha uso.

“Kesho kuna mtu wa Ifakara analichukua. Mimi nilikuonea huruma, umesema u mjane. Lakini kama mtu wa rozari haiamini rozari, haya, mlete.”

Niliona haya, kana kwamba nimemtukana Mama Maria. Nikalipa, nikaweka sahihi nilipoonyeshwa. Kisha nikampelekea Filomena salamu kwa akina mama wa matunda waliokuwa wakipanda Kinole: fundi kaliona gari, ni zima kabisa, kata ndizi.

Baada ya maneno ya mzee Mwinshehe nilirudi kule kwenye magari. Nikamkuta Mwanaheri, muuza nazi wa sokoni, kasimama kando ya pikapu nyingine. Kwenye kioo chake ilining’inia tasbihi.

“Ilikuwa ya sheikh, mama,” Oscar alikuwa akisema. “Wallahi, mimi Luqmani siwezi kukudanganya.”

Nikamshika Mwanaheri mkono, nikauweka juu ya boneti. Akauchomoa upesi.

“Moto!”

“Basi nenda nyumbani, bibie,” nikamwambia.

Yule mtu akacheka. “Mama, mbona unanifukuzia wateja? Wewe umeweka sahihi, gari umelichukua lilivyo.”

Alisema kweli. Karatasi ile sikuisoma.

Kesho yake Filomena aliteremka kwa miguu, na matenga matupu kichwani. Ndizi alizozikata zilikuwa zimeiva zikaoza zote, akawapa majirani wawalishe nguruwe wao. Akaizunguka pikapu, akaketi jikoni kwangu, akanywa maji, nami nikamweleza ya ile oili.

“Tumeibiwa, dada. Basi, Mungu yupo. Huyo fundi wako tumtafute, atuambie aliangalia nini.”

Hakunilaumu hata kidogo. Ningeweza kusema fundi kahamia Dar. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

“Filo, hakukuwa na fundi.”

“Na zile salamu?”

“Nilikudanganya.”

Akaifungua khanga kiunoni, ile ile aliyofungia pesa za iliki, akaifunga upya. Akainuka, akabeba matenga yake.

Tangu utoto wetu hatukuwahi kuachana bila mmoja kumsifu Yesu na mwingine kuitikia. Nikamfuata mpaka mlangoni.

“Tumsifu Yesu Kristo,” nikasema.

Akapita kando ya pikapu, akatoka.