Kalenda ya Dada Peke Yake

Mdogo mtu alikuwa fundi wa kurasa za mtandao, na si fundi wa kubahatisha. Alitengeneza vipande: kitufe, menyu, kalenda ya kuchagulia tarehe. Kipande kikishakamilika kinachukuliwa na kubandikwa kwenye tovuti ya shule, ya benki, ya hospitali, popote. Dada mtu, asiyeona tangu utotoni, ndiye aliyekuwa mpimaji wake. Alikaa jikoni kwake na kompyuta mapajani, kisomaji cha skrini kikimporomoshea maneno sikioni kwa kasi ambayo wenye macho huisikia kama kelele tu. "Hapa kimya," alikuwa akisema. "Hapa kimesema kitufe, kitufe cha nini? Hapa nimenasa, sitoki." Mdogo mtu anarekebisha, anamtumia anwani ya kujaribia, wanaanza upya.

Kalenda ndiyo iliyowatoa jasho. Siku iliposoma tarehe moja baada ya nyingine bila kukwama, ikataja zilizojaa na zilizo wazi, dada mtu alicheka peke yake. Hospitali ilikuwa inaichukua kwa ajili ya miadi. Akawaambia wenzake wa chama cha wasioona, kifua mbele kabisa, kwamba sasa kila mtu atajiwekea miadi mwenyewe, hakuna tena kumbembeleza jirani akusomee mambo yako ya ndani. "Nimeipima mimi," alisema. Walimwamini, maana hakuwa mtu wa porojo.

Asubuhi moja Mwalimu, mwenzake wa chamani, alimpigia simu. "Bibie, ile kalenda yako ni bubu."

"Haiwezekani."

"Basi ingia mwenyewe."

Akaingia, safari hii kwa mlango wa kila mtu, kwenye tovuti ya hospitali yenyewe, si kwa anwani aliyozoea kutumiwa. "Kitufe," kompyuta ilisema. "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Tarehe hata moja haikutajwa. Akateremka mpaka chini ya ukurasa, na huko sauti ikasoma vizuri kabisa: "Imepimwa na kuthibitishwa na mtumiaji asiyeona."

Mdogo mtu alipopita mchana alimkuta palepale, chai imepoa mezani.

"Hii siyo niliyopima," dada mtu alisema.

"Tulia kwanza, Dada." Alivuta kiti. "Ile yako ina mstari mnene unaozunguka tarehe uliyofikia. Wa hospitali waliuona unachafua ukurasa. Halafu walikuwa na haraka. Nikawapa ya zamani, ya kabla ya marekebisho yako."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Sasa mimi nilikuwa napima nini?"

"Yako. Nilikutengenezea yako, na bado ipo. Ukitaka miadi, pitia kulekule."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, na upole huo ndio uliomchoma dada yake. Alikumbuka jioni zote zile jikoni, akirudia safu moja ya tarehe mpaka masikio yanachoka, akiamini kuna watu upande wa pili. Kumbe alikuwa mtoto aliyepewa simu mbovu ajifanye anaongea. Angefanyiwa na mtu baki angetukana, akalala. Huyu ndiye aliyemsomea kila kibao cha barabarani tangu wakiwa wadogo, na hakuwahi kumdanganya hata rangi ya nguo.

"Umenichezea shere," alisema. "Na jina langu ukalifanya muhuri."

"Jina lako halipo pale. Na nitaibadilisha, taratibu. Kwani nani kaumia?"

Simu ikaita, ikataja yenyewe: Mwalimu. Mdogo mtu akamshika mkono. "Mwambie ni mtandao. Leo tu, Dada. Hospitali wakinitema nimekwisha."

Alijua hasemi uongo hapo; atakwisha kweli. Aliipokea simu akaiweka sauti ya wazi.

"Mwalimu, usihangaike tena na ile kalenda. Kosa si lako, wala la mtandao. Waambie na wenzetu, haifai."

"Lakini wewe uliipima."

"Nilipewa nyingine nipime. Nilidanganywa."

"Na nani, bibie?"

Mkono wa mdogo wake ulikuwa bado juu ya wake, una jasho, unabana. Hakuutoa.

"Na mdogo wangu," alisema. "Yupo hapa, anasikia."