Sihami Dawati la Watoto

Mama mkwe ndiye aliyegundua. Alitumbukiza mkono kwenye beseni, akautoa mbio.

"Mwanangu, maji baridi hivi unamwogeshea mtoto? Ona anavyotetemeka."

Mkaza mwanawe alimfunika mtoto kwa khanga. Tangu aende hospitalini kumwona mtoto aliyemwagiwa maji ya moto na baba wa kambo, kila akiinjika sufuria mikono inamfa ganzi. Afisa ustawi wa jamii mpya, cheti bado kinanukia wino, na kumwogesha mwanawe mwenyewe kumemshinda.

Mama mkwe alichemsha maji, akachanganya, akamwogesha mjukuu wake. "Huko kazini, mambo kama hayo mnamwambia nani?"

"Hatusemi, mama. Tunaandika ripoti."

"Haya, basi ripoti ije imwogeshe mtoto."

Asubuhi alimfuata mkuu wa ofisi mezani kwake, akamweleza yote bila kuficha. Mkuu hakuinua hata macho.

"Nyinyi vifaranga wa siku hizi mmekuwa pamba. Sisi tulimeza tukaendelea. Nitakuhamishia masijala. Kule mafaili hayalii."

Wawili watatu wakacheka. Kifaranga mwenzake, waliyeajiriwa naye pamoja, aliinamia meza yake.

Yeye alibaki amesimama mbele ya mkuu. Yule mtoto wa wodini, aliyekuwa akigeukia ukuta kila akija mgeni, alikuwa ameanza kuongea, tena na yeye tu. Akihamishwa leo, kesho ataingia wodini mtu mwingine, na mtoto ataugeukia ukuta tena.

"Sihami, mkuu."

"Umesemaje?"

"Sihami dawati la watoto. Nimemwona mtoto ameunguzwa makusudi. Ningerudi nyumbani kama niliyetoka sokoni, bila kuguswa, hapo ndipo ungenihamisha."

Kicheko kikakatika.

"Sasa unataka nini? Ofisi hii haina fungu la kulipa washauri nasaha."

"Viti tunavyo. Anayerudi kutoka kwenye kesi akae kwanza na mwenzake, aseme alichokiona, ndipo aandike ripoti. Asiende nacho nyumbani kwa wanawe."

"Na kazi zitachelewa."

"Mbona zimeshachelewa? Waliokuwa kwenye dawati langu kabla yangu wako wapi?"

Kila mtu mle ndani alijua walivyoondoka, mmoja baada ya mwingine, bila hata kuaga. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jaribuni mwezi huu," alisema. "Ukianguka, masijala."

"Nikianguka, mtaniokota papa hapa."

Alirudi kwenye dawati lake, kichwa kiko juu. Hajakaa sawasawa, akasikia kiti kinaburutwa sakafuni. Ni kifaranga mwenzake, midomo imemkauka.

"Dada, naweza kuanza mimi? Kuna nyumba niliingia wiki iliyopita. Mpaka leo silali."

Akaizima kompyuta, akamgeukia.

"Sema, mdogo wangu. Ripoti itasubiri."