Majani ya Chai

Mzee wa usafi, kama walivyomwita pale kwenye jengo lao, hakuwa na mchezo na mambo ya takataka. Asubuhi hiyo mama wa chini alimwita uani amwonyeshe shuka zake nyeupe. Alikuwa ametoka kuzianika, na tayari zilikuwa na madoa ya kahawia na majani ya chai.

"Kuna mtu anamwaga mabaki dirishani," alisema mama wa chini. "Tena si leo tu."

Mzee wa usafi alikohoa kidogo, kisha akakunja uso. Lawama zote akawatupia vijana wa ghorofa ya tatu, wale wasiojua hata kusalimia. Majirani walipoanza kusogea, sauti ikampanda.

"Mtu mzima na akili zake anageuza ua wetu jalala. Hana haya hata kidogo. Nikimshika, nampa fagio afagie ua wote huu mbele ya wanawe."

Kidole chake kilikuwa bado kinaelekea ghorofa ya tatu pale kitu cha uvuguvugu kilipomwagika utosini na kumtiririka hadi shingoni. Wote wakainua macho. Kwenye dirisha la ghorofa ya pili alisimama mkewe, mkono mmoja na birika, mwingine mdomoni.

"Baba watoto, nisamehe," alisema. "Sikuchungulia kwanza kama unavyofanya wewe."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mama wa chini alianua shuka zake taratibu, akaingia nazo ndani, akatoka na fagio.